Amosi na Kazi ya Mikuyu

Somo: Amosi 7:10-17



Mkuyu tunaujua kwa Zakayo. Ni mti uleule ulioko huku kwetu Pwani kando ya mito: shina nene, matawi yanaanzia chini (ndiyo maana mtu mfupi aliuweza), na makuyu yameshikana kwenye shina lenyewe. Wazee wetu huchonga vinu na ngoma kwa mti huo.

Lakini leo nataka tumtazame Amosi. Ukipasua kuyu la huku utakuta vijinyigu ndani. Hao ndio wanaochavusha maua yaliyofichika mle. Nchi ya kina Amosi nyigu hao hawapo. Kwa hiyo wakulima wa kale walipanda mtini na kisu, wakalichanja kuyu moja moja, nalo baada ya siku chache likavimba na kulainika. Neno la Kiebrania analotumia Amosi katika mstari wa 14, wataalamu wengi hulielewa hivyo. Hebu fikiria: mti mmoja una makuyu mangapi? Mimi nimesomea biashara, na hesabu ya kazi hiyo hainipi faida ya maana. Tena soma Isaya 9:10, utaona mkuyu ulivyokuwa mti wa bei ya chini mbele ya mwerezi.

Sasa Amazia, kuhani wa Betheli, anamfukuza Amosi: rudi Yuda, ukale mkate wako huko. Yaani, wewe unahubiri upate riziki. Amosi anamjibu kwa kutaja kazi yake. Pale pale penye patakatifu pa mfalme, anasema yeye ni mtu wa mifugo na mikuyu. Hafichi.

Mimi nilificha. Nilipomaliza digrii nilikaa nyumbani Changamwe mwaka mzima bila kazi. Mama alikuwa akiuza mahamri na mbaazi stejini, na mimi nikipita ng'ambo ya barabara wenzangu wasije wakaniona naye. Karo ya hiyo digrii ilitoka kwenye karai lile! Nilimwomba msamaha baadaye sana, akacheka, akaniuliza kama nimekula.

Vijana wa Likoni na Kisauni wananiambia, "Pasta, siwezi kusukuma mkokoteni na cheti ninacho." Jumatano kwenye ushirika wa vijana tutasoma Amosi 7 yote. Kila mmoja aje ataje kazi anayoifanya, hata ile hajawahi kuitaja kanisani. Nitaanza mimi.