Papo Hapo, Bila Usumbufu: Soma Tangazo la Pesa za Simu Kabla ya Kubonyeza

Ni saa moja jioni. Mama anayeuza mboga amefunga kibanda na kupiga hesabu ya siku. Katika simu yake mna shilingi 8,400: sehemu ya karo, mchango wa chama na pesa za kununulia mboga kesho alfajiri. Simu inalia. Anayepiga anamwita kwa majina yake yote na kujitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu. Anamwambia kwamba laini yake itafungwa usiku huo isipokuwa athibitishe nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa na nambari yake ya siri. Mama anajibu yote. Dakika chache baadaye simu inapoteza mtandao. Asubuhi, laini ikirudi, salio ni shilingi 12.

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo la toleo hili, lakini njia iliyotumika ni ya kweli na imewaliza wengi. Leo tutajifunza mambo mawili yanayokwenda pamoja: kusoma tangazo la huduma za pesa kwa simu, na kulinda pesa zenyewe. Yanakwenda pamoja kwa sababu tapeli huongea lugha ile ile ya tangazo. Wote wawili wanakuambia: haraka, rahisi, sasa hivi.

TANGAZO LINASEMA NINI, NA LINAACHA NINI

M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo lake lilikuwa na ujumbe mmoja mfupi: tuma pesa nyumbani. Kila mtu alielewa. Baadaye huduma ziliongezeka. Novemba 2012 ilikuja M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa kupitia simu. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayokuruhusu kukamilisha malipo hata salio lisipotosha. Benki nazo zikaleta programu zao za simu, na wakopeshaji wa dijitali wakafuata. Matangazo yakawa mengi redioni, kwenye mabango na ndani ya simu zenyewe.

Kazi ya tangazo ni kukuvutia, na hilo si kosa. Hata hivyo, Katiba ya Kenya, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma, na inataka kuwe na sheria ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na yenye heshima. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliziagiza kampuni zinazotoa huduma za pesa kwa simu zimwonyeshe mteja gharama kabla hajakamilisha muamala. Kwa hiyo ukiuliza "Nitalipa ngapi?" hujamsumbua mtu. Ni haki yako.

Kila unapoona tangazo, jiulize maswali matatu: Ni nani anayetoa huduma hii? Itanigharimu kiasi gani, na kwa muda gani? Inaniomba nini kabla ya kunipa chochote?

HESABU NDOGO YENYE MAANA KUBWA

Tuseme tangazo linasema "mkopo kwa asilimia 9 pekee". Swali ni moja: asilimia 9 kwa muda gani? Ukikopa shilingi 2,000 kwa asilimia 9 kwa siku 30, utarudisha 2,180. Ukikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa umelipa shilingi 2,160 za ada peke yake, zaidi ya mkopo wenyewe.

Linganisha na Hazina ya Hasla iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Shilingi 2,000 kwa siku 30 kwa riba hiyo ni kama shilingi 13 tu. Asilimia 9 na asilimia 8 zinaonekana kama majirani, lakini neno "mwezi" na neno "mwaka" zinazitenga mbali sana. Mara nyingi neno hilo ndilo lililoandikwa kwa herufi ndogo zaidi.

Kuhusu wakopeshaji wa dijitali, sheria inawataka wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Orodha ya waliopewa leseni huchapishwa na Benki Kuu. Kama jina halimo, usipakue programu yao wala usiwape ruhusa ya kusoma majina na nambari zilizo kwenye simu yako.

TANGAZO LA TAPELI

Tapeli huiga rangi, nembo na maneno ya kampuni halisi. Mahali pa kumtambua ni swali la tatu: anaomba nini? Anayekutaka ulipe "ada ya usajili" au "bima ya mkopo" kwa nambari ya mtu binafsi ndipo utumiwe mkopo, hana mkopo wa kukupa. Ukituma 500, ataomba nyingine 800, kisha atanyamaza.

Wengine hutumia jina la serikali ya kaunti. Msimu wa basari na wa kutangaza nafasi za kazi ndio msimu wao. Elewa vizuri: kuomba kazi katika Bodi ya Huduma za Umma ya Kaunti hakulipiwi, na fomu ya basari haiuzwi. Afisa yeyote, awe wa kweli au wa uongo, akikuomba "kitu kidogo" kwa simu ili jina lako lipite, usitume. Fika katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako uulize.

FUNGUO MBILI ZA SANDUKU LAKO

Pesa zako katika simu zimefungwa kwa funguo mbili. Ya kwanza ni laini yako. Ya pili ni nambari ya siri. Mwenye moja bila nyingine hafiki mbali, ndiyo maana tapeli huzitafuta zote mbili.

Laini huibiwa bila simu yako kuguswa. Tapeli akishajua jina lako, nambari ya kitambulisho na mwaka wako wa kuzaliwa, anajifanya wewe na kuomba laini mpya yenye nambari yako. Ikiwashwa yake, yako inazimika. Simu ikipoteza mtandao ghafla ilhali walio karibu nawe wanao, usingoje asubuhi. Azima simu upige huduma kwa wateja mara moja.

Mteja wa Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isibadilishwe bila yeye mwenyewe kufika dukani. Pia anaweza kupiga *106# kuona nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta usiyoijua, iripoti.

Nambari ya siri haina mtu wa pili. Mhudumu wa kampuni haihitaji, benki haiihitaji, wakala haihitaji. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wala 1234. Wazee wetu wanaosaidiwa kutoa pesa wafundishwe kubonyeza nambari hiyo kwa mkono wao wenyewe, hata ikichukua muda. Safaricom imetangaza kwamba huwapigia wateja kwa nambari moja tu, 0722 000 000. Nambari nyingine ikidai ni Safaricom, kata simu.

UJUMBE WA KWELI NA WA BANDIA

Ujumbe halisi wa M-Pesa huja kwa jina MPESA na huanza na msimbo wa herufi na tarakimu 10. Wa bandia unaweza kuiga kila neno, lakini hutoka kwa nambari ya kawaida ya simu. Kipimo bora ni salio lako. Piga *334# uangalie. Kama halikubadilika, hakuna pesa iliyoingia. Wenye maduka na wanabodaboda, msitoe bidhaa wala chenji kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Tazameni simu yenu.

Je, na anayesema amekutumia pesa kimakosa, nawe ukaangalia ukakuta zimeingia kweli? Usizirudishe kwa nambari nyingine anayokupa. Wapo wanaotuma pesa halisi, wanaomba urudishe, kisha wanaomba kampuni iufute muamala wa kwanza. Hapo utapoteza mara mbili. Mwambie, kwa upole, atume ujumbe wake wa muamala kwa 456. Kampuni itamaliza.

Wewe nawe ukikosea, tuma ujumbe wako kwa 456 haraka, kabla mpokeaji hajatoa pesa. Bora zaidi, soma jina linaloonekana kabla ya kukubali kutuma. Jina hilo limewekwa kwa ajili yako.

UKISHATAPELIWA

Wengi hunyamaza kwa aibu, na ukimya huo ndio unaompa tapeli nafasi ya kumpigia jirani yako. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Piga huduma kwa wateja (100 kwa Safaricom na kwa Airtel) uombe akaunti ifungwe. Kama akaunti ya benki imeunganishwa na simu, piga benki pia.
2. Usifute ujumbe wowote. Andika saa, nambari iliyokupigia na msimbo wa muamala.
3. Ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu upewe nambari ya OB. Unaweza pia kuwapigia DCI bila malipo kwa 0800 722 203.
4. Mteja wa Safaricom atume nambari ya tapeli kwa 333, bila malipo.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inasema anayetuma ujumbe wa kumlaghai mtu ili atoe habari zake za kibinafsi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka 3, au yote mawili. Lakini sheria huanza kazi pale ulipotoa ripoti.

JIPIME

Umesikia tangazo la mkopo wa "asilimia 5". Swali lako la kwanza ni lipi? (Kwa muda gani?)

Mtu anajua jina lako lote na kitambulisho chako. Je, hilo linathibitisha anatoka katika kampuni? (La. Habari hizo hupatikana kwa njia nyingi.)

Simu yako imepoteza mtandao ghafla usiku. Utafanya nini? (Kuazima simu na kupiga 100 usiku huo huo.)

Ukimaliza kusoma, msomee mzazi au jirani asiyeweza kusoma ukurasa huu. Akipigiwa simu ya haraka, akumbuke jibu moja: "Nitafika ofisini kesho." Mhudumu wa kweli hatakasirika.