Upakiaji wa Moduli Programu Inapoendeshwa: Mfano wa Python katika Uchanganuzi wa Ngeli

Makala haya yanafafanua jinsi moduli zinavyopakiwa programu ikiwa tayari inaendeshwa, na kosa linaloweza kumpata mtafiti wa isimu asiyeufahamu utaratibu huo. Mifano imetolewa katika Python, lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa na Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mwaka wa 1991.

Moduli ni faili la maagizo linaloweza kutumiwa na programu nyingine. Aghalabu huitwa kwa agizo la import, na jina lake huandikwa wazi katika programu. Hata hivyo, kuna hali ambapo jina hilo halijulikani mapema. Chukua mfano wa programu inayochanganua ngeli za Kiswahili, Kikuyu na Kikamba. Badala ya kupakia kanuni za lugha zote, programu husubiri mtumiaji ataje lugha, kisha huita moduli husika kupitia importlib.import_module.

Moduli ikishapakiwa, Python huihifadhi katika kumbukumbu iitwayo sys.modules. Ikiitwa tena, faili halisomwi upya. Utaratibu huu huokoa muda, lakini una mtego. Tuseme mtafiti amegundua kwamba programu inaiweka nomino 'ukuta' katika ngeli ya U-I, pamoja na 'mti', ilhali wingi wake ni 'kuta' na ngeli yake ni U-ZI. Anairekebisha kanuni, analihifadhi faili, na kuchanganua matini upya bila kuifunga programu. Matokeo ni yale yale ya awali, kwa kuwa kanuni inayotumika bado ni ya zamani. Asipotanabahi, kosa hilo litaingia katika majedwali ya tasnifu yake.

Agizo la importlib.reload huisoma moduli upya. Hata hivyo, sehemu zilizokwisha kuchukuliwa na moduli nyingine kwa agizo la from hubaki na kanuni za zamani. Kwa hivyo, njia salama zaidi ni kuifunga programu na kuianzisha tena.

Isitoshe, kupakia moduli ni kutekeleza maagizo yaliyomo. Jina linaloandikwa na mtumiaji lisipolinganishwa kwanza na orodha ya moduli zilizoidhinishwa, faili lisilokusudiwa laweza kutekelezwa na kuharibu data.

Kwa kuhitimisha, mwanaisimu anayetumia tarakilishi hana budi kuhakikisha kwamba kanuni aliyoiandika ndiyo iliyozaa matokeo anayoyaripoti. Bila hivyo, hata uchanganuzi uliofanywa kwa makini hauwezi kutegemewa.