Ushauri: Majirani zangu ni wapishi hodari, niwakusanyeje?

*Shangazi, naishi Tabata, Dar es Salaam, mtaa wenye watu wa kila kabila. Jirani yangu Mchaga alijifungua hivi karibuni, nikaonja mtori aliopikiwa na mama yake, na tangu siku hiyo wali maharage wangu umenikinai. Nataka tuanzishe kikundi cha kupika na kufundishana vyakula vya kwetu. Mume wangu anasema kitaishia kwenye ugomvi. Wengine wanataka tukiunganishe na kikoba. Halafu yuko mama mmoja anayeuza vitumbua visivyo na mfano, lakini hamwambii mtu anavyovipika. Nianzeje? – Mpenda Jiko, Tabata*

Mwanangu, mumeo hajakosea sana. Vikundi vya namna hii huvunjwa na mashindano. Leo huyu kapika pilau ya kuku, mwezi ujao mwenzake anachinja mbuzi, wa tatu anakopa ili asiaibike, wa nne anajifanya kasafiri. Kwa hiyo sharti la kwanza liwekeni kabla hata ya jina la kikundi: kinachopikwa ni kile kinacholiwa nyumbani siku ya kawaida. Mgogo awapikie mlenda, Msukuma alete michembe, aliyetoka Mtwara awaoneshe ming'oko. Mambo hayo kwenye maharusi hamyapati, na bei yake haimtishi mtu. Mwenye zamu atoe jiko na sufuria, gharama za viungo mgawane sawa. Anzeni na mtori, maana bibi wa mtoto hatakaa Dar milele.

La pili, kutaneni kupika, si kula tu. Chakula kilicholetwa kwenye hotipoti hakimfundishi mtu. Chukua mkate wa kumimina. Muulize Mzanzibari, atakwambia loweka mchele usiku kucha, usage kwa tui, tia hamira, sukari na iliki, uache uumuke, kisha uoke. Yote kweli, na wako utatoka mgumu kama tofali. Hakukwambia tui liwe zito kiasi gani, rojo litiririke vipi likimiminwa, wala ni wakati gani wa kupunguza moto wa chini na kuongeza makaa juu ya kifuniko. Wala hakukuficha. Mikono yake inajua, mdomo hauna habari. Basi mmoja wenu asimame pembeni na daftari, na kabla mpishi hajamwaga tui sufuriani, lipite kwanza kwenye kikombe. Kikombe kiwe kile kile kila mnapokutana.

Mama wa vitumbua msimsumbue. Vile ndivyo vinavyolipa ada za watoto wake. Siku akiamka akakuta nyumba tano mtaani zinauza vitumbua kama vyake, mtakuwa mmemwaga unga wake. Mkaribisheni, na mumwambie mapema, mbele ya wote, kwamba vitumbua havimo kwenye ratiba; afundishe kingine. Mkivitamani, nunueni.

Kikoba nacho kikae kivyake. Mkopo ukichelewa, mdaiwa huanza kukwepa mikutano. Mkiviunganisha, atakimbia deni na mapishi ya bibi yake yataondoka naye.

Kabla ya mkutano wa kwanza, ulizaneni nani hali nini. Waislamu watataka kujua nyama imechinjwa na nani, mwenye kisukari ataogopa sukari, na wapo wanaodhurika na karanga, ambazo zikishasagwa kwenye mchicha hazionekani. Pia, joto la Dar unalijua. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kwa hiyo pikeni, mle hapo hapo. Cha kuwabebea watoto kiondoke mapema, na kabla ya kuliwa kipashwe moto hadi kitokote.

Ugomvi anaouhofia mumeo huweza pia kuletwa na kusengenyana: watu wakikaa pamoja bila kazi lazima watafute mtu wa kumjadili. Mpe kila mmoja kitu mkononi: huyu achambue mchele, yule akune nazi. Mumeo naye mwalike; mbuzi ya nazi haichagui mwanamume wala mwanamke.

Mkiwa sita hadi wanane mnatosha. Chagueni Jumamosi moja ya mwezi na mpange zamu za miezi 3 tu. Baada ya hapo ulizaneni swali moja: nani amekipika kwake chakula alichojifunza hapa, na familia ikakimaliza? Wakijitokeza hata wawili, endeleeni. Asipojitokeza mtu, jueni mmekuwa mkishiba tu, na hapo mpishi aanze kukaa pembeni akielekeza, mwanafunzi ndiye ashike mwiko.