SOMO LA KUMI NA MBILI: FYUZI IMEUNGUA

Soma habari hii.

Ilikuwa jioni. Wanakisomo walikuwa darasani. Taa tatu zilikuwa zinawaka kwa betri ya volti 12, inayojazwa kwa nguvu ya jua. Mara taa zote zikazimika. Fyuzi ilikuwa imeungua.

Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, tusipoteze wakati. Tuweke kipande cha waya mahali pa fyuzi, tuendelee kusoma."

"La, mzee wangu," mwalimu akajibu. "Kwanza tujue kwa nini imeungua."

Akawasha kandili, akaandika ubaoni.

Umeme lazima uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi. Hutoka katika betri, hupita kwenye swichi na taa, kisha hurudi katika betri. Njia hiyo nzima huitwa saketi. Ikikatika mahali popote, umeme haupiti. Ndiyo maana swichi huweza kuzima taa.

Katika saketi tunapima mambo matatu:

Volti hupima nguvu inayosukuma umeme.
Ampea hupima wingi wa umeme unaopita.
Omu hupima ukinzani, yaani kizuizi ambacho umeme hukutana nacho njiani.

Mwalimu mmoja wa Ujerumani, Georg Ohm, alieleza uhusiano wa mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1827. Kanuni yake ni hii:

Ampea = volti ÷ omu

Kila taa ya darasa ina ukinzani wa omu 24. Basi:

12 ÷ 24 = 0.5

Taa moja hupitisha nusu ampea. Kila taa ina njia yake, kwa hiyo tunajumlisha:

0.5 + 0.5 + 0.5 = 1.5

Fyuzi ilikuwa ya ampea 3. Basi taa hazikuiunguza.

Mwalimu akafungua nyaya za betri. Wote wakatafuta. Karibu na mlango wakaona panya wametafuna mpira wa nyaya mbili, na shaba zimegusana. Umeme ulikuwa umepata njia ya mkato. Ulirudi katika betri bila kupita kwenye taa. Hiyo ndiyo shoti.

Katika shoti ukinzani huwa mdogo sana. Tukisema umebaki omu 0.2, hesabu ni hii:

12 ÷ 0.2 = 60

Ampea 60 katika waya mwembamba! Waya huo ungekuwa mwekundu kwa moto, na makuti ya paa yangewaka. Lakini fyuzi iliyeyuka kwanza, ikakata njia.

Mzee akasema, "Kumbe fyuzi imetuokoa, nami nilitaka kuiondoa."

Wakabadilisha waya uliotafunwa. Wakaweka fyuzi mpya ya ampea 3, kisha wakaunga betri. Taa zikawaka, somo likaendelea.

KUMBUKA

Fyuzi ikiungua, fungua betri kwanza, kisha tafuta sababu. Weka fyuzi ya ampea zile zile. Usiweke waya wala msumari mahali pake.

MASWALI

1. Kwa nini taa huzimika tukizima swichi?
2. Shoti ni nini?
3. Taa moja ina omu 48. Betri ni ya volti 12. Zitapita ampea ngapi?
4. Darasa likiongeza taa mbili za omu 24, kila moja na njia yake, fyuzi ya ampea 3 itatosha? Onyesha hesabu yako.