Kuhama Chuo kwa Sababu ya Ada: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kwa kijana wa Mnyuzi, mkoani Tanga, aliye mwaka wa kwanza au wa pili, ada imemshinda, na bado ana nia ya kusoma uzamili.

Usiondoke kimyakimya. Kufunga begi na kuibukia chuo kingine kama mwanafunzi mpya si kuhama, ni kutoroka. Kuhama kuna barua: ya chuo kinachokuachia, ya chuo kinachokupokea, na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ijue. Vinginevyo unaanza mwaka wa kwanza upya, na ada ambayo mzee aliuza ng'ombe kuilipa imekwenda na maji.

Maliza deni, au andikishana na mhasibu utalilipaje. Chuo kinachokudai hukalia transkripti yako. Maumivu yake huyaoni leo. Utayaona miaka minne baadaye, utakapoomba uzamili na kuambiwa ulete matokeo ya kila chuo ulichopita. Nafasi ya ufadhili inaweza kukuponyoka kwa deni la laki chache.

Usifiche chuo cha kwanza. Vyuo vya Marekani huuliza wazi umesoma wapi na wapi. Ukigundulika, unaweza kunyang'anywa nafasi hata kama umeshapewa.

Hesabu krediti kabla ya nauli. Reli ya kutoka Ruvu ilipofika Mnyuzi mwaka 1963, behewa liliweza kubadili njia hapo bila kushusha mzigo. Chuo hakiko hivyo: mzigo wako utafunguliwa na kukaguliwa kozi kwa kozi. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Uliza, tena kwa maandishi, ngapi kati ya ulizochuma zitapokelewa. Kozi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na mada tofauti kabisa, kwa hiyo beba muhtasari wa kila kozi uliogongwa muhuri wa idara.

Kisha uliza swali ambalo wengi hawaulizi: alama zangu zitaingia kwenye GPA, au nitaandikiwa tu kwamba nilifaulu? Kama ni hilo la pili, A zako za mwaka wa kwanza hazitakubeba. Na GPA ndiyo mlango. Vyuo vyetu vingi huanzia 2.7 kwa uzamili. Daraja la pili la juu huanzia 3.5, na anayetaka kubaki chuoni kufundisha aitafute 3.8. Mimi ningechukua 3.9 ya chuo cha bei nafuu, niache 2.6 ya chuo chenye jina.

Usihame na sapu mkononi. Ifanye kwanza. Aliyedisko naye asijiite anahama.

Iarifu Bodi ya Mikopo mapema. La sivyo, bumu litasubiri saini yako kule ulikokwisha kuondoka.

Usihame kama kuahirisha mwaka kunatosha. Pima pia Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo Tanga. Unaweza kusoma huku unafanya kazi.

Usiandike maombolezo kwenye maombi ya uzamili. Sentensi mbili zinatosha: nilihama kwa kushindwa ada, matokeo yangu baada ya hapo ni haya. Jopo limesoma habari za umaskini nyingi kuliko unavyodhani. Linachotafuta ni kama alama zilipanda au zilishuka baada ya kuhama.

Tunza nakala zilizothibitishwa za barua zote. Picha uliyopiga kwa simu haihesabiki.