Wastani wa Mvua Hautoshi Kupima Kalavati

Karagwe na Kyerwa hupata misimu miwili ya mvua, vuli na masika. Hata hivyo, kalavati dogo huzidiwa na mvua kubwa ya siku moja, si wastani wa mwaka. Barabara ikikatika, kahawa na ndizi hazifiki sokoni.

Kwa hiyo, mpangaji huchukua mvua kubwa kuliko zote ya siku moja katika kila mwaka, kwa miaka mingi iwezekanavyo. Modeli ya Gumbel huifaa orodha hiyo kuliko mtawanyo wa kawaida, ambao hupunja mvua zilizopita kiasi.

Ikumbukwe kuwa mvua ya “miaka 10” haisubiri miaka 10: kila mwaka uwezekano wake ni asilimia 10, na ndani ya miaka 10 kutokea angalau mara moja ni takriban asilimia 65.