Trekta Kuukuu Inapokataa Kuwaka

Watu wengi wakiona trekta imezima shambani hushika spana kwanza, na kufikiri baadaye. Desturi hiyo huharibu injini ambayo uzee haujaishinda. Leo twapenda kuonyesha jinsi ya kuitafuta ila kwa utaratibu. Mfano wetu ni trekta ya Ferguson TE20 ya petroli, iliyofanyizwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata 1956. Zilitoka zaidi ya 500,000, na baadhi zingali zikifanya kazi hata leo.

Injini yake ina silinda nne, nayo yahitaji mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa, cheche ya moto kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Likikosekana moja, haiwaki. Basi na tuulize jambo moja moja, tukianza na lililo rahisi. Kabla ya yote, funga breki, na gia iwe huru.

KWANZA, PETROLI. Trekta hii haina pampu ya petroli. Mafuta hushuka yenyewe kutoka tangini, hupita katika kikombe kidogo cha kioo, hata yakafika kwenye kabureta. Injini ikiisha kupoa, fungua bomba la mafuta mahali linapoingia katika kabureta, ukinge chombo safi, kisha fungua koki. Petroli ikitiririka bila kukatika, njia i wazi. Ikidondoka tu, osha kikombe na chujio lake. Ikianza vizuri kisha ikafifia, legeza kifuniko cha tangi. Ikitiririka tena, ujue kitundu cha pumzi cha kifuniko kimezibwa na vumbi.

Sisi wenyewe tulipata kuona trekta iliyozima kila baada ya muda mfupi, na ikipumzika huwaka tena. Mwenyewe alikuwa amekwisha nunua koili mpya na kabureta ya pili, na mvua za kupandia zilikuwa zikimpita. Dawa yake ilikuwa kuzibua kitundu hicho kwa waya mwembamba.

PILI, MOTO. Rudisha bomba, futa petroli iliyomwagika, weka chombo mbali, maana cheche huwasha mvuke wake. Fungua plagi moja, irudishe katika waya wake, na chuma chake kiguse mwili wa injini, mbali na tundu ilimotoka. Mwenzako azungushe injini. Cheche ya samawati yenye nguvu ni njema. Isipoonekana, safisha vichwa vya betri, kisha tazama platini zilizo ndani ya distribyuta, kama zimeungua au zina uchafu. Nyaya za plagi zirudishwe kwa mpango wa 1, 3, 4, 2. Zikipotea njia, injini hupiga mafua na kukataa.

TATU, MGANDAMIZO. Zima swichi ya moto, ukazungushe injini polepole kwa hendeli ya mbele. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kwa kuwa injini ikirudi nyuma yaweza kuvunja mkono. Katika mizunguko miwili utasikia ukinzani mara nne, nao uwe sawasawa. Silinda moja ikilegea, tia kijiko kimoja cha mafuta ya injini katika tundu la plagi yake, urudishe plagi na kuzungusha tena. Ikikaza, ringi za pistoni zimekwisha. Isipobadilika, huenda ila ni valvu au gasketi ya kichwa. Hapo ndipo yafaa kufungua injini, au kumwita fundi.

Twawashauri wenye trekta waandike katika daftari kila walilopima na walilolikuta. Fundi akija hatarudia kazi iliyokwisha fanywa, na fedha ya mkulima itabaki kwa mbegu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mvua haimngoji aliyefungua asichokijua.